Salamu Zako Nimezitunza

Evodia mwanangu,

Barua hii haina salamu, na nimefanya kusudi. Unajua kwamba kwenye karatasi mimi ni mtu wa adabu kamili, nauliza hali ya kila mtu hadi ya mbuzi wa jirani ndipo nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu. Leo salamu nimeziacha. Nataka kukupa kesho asubuhi, kwa mdomo, mbele ya watu, na nikizimaliza hapa nitapata kisingizio cha kunyamaza.

Umesoma vizuri, usirudie mstari. Kesho kabla hujaenda stesheni, baba yako atakuaga mwenyewe. Nimemwambia baba yako mdogo Ladislaus kwamba safari hii asijiandae. Alikuwa ameshapiga pasi shati na ameanza kuzunguka uani akinong'ona hotuba yake.

"Kaka, una hakika?" akaniuliza. "Watu watakuwa wengi kesho."

Nikamjibu kwamba nina hakika. Jibu hilo lilichukua muda wa yeye kuvua kofia, kuikung'uta na kuivaa tena, lakini lilitoka lote, naye alilisubiri.

Watu watakuwa wengi kweli. Mwezi umejaa, na dagaa hawavuliwi kwenye mwanga wa namna hii, kwa hiyo wavuvi wa Katonga wote wako nchi kavu na wameshasikia kwamba kwa fundi nyavu wa Rusimbi kuna chai na maandazi. Naogopa. Nakwambia mapema nisije nikajifanya shujaa huko mbele. Wavuvi hao wananijua kwa vidole vyangu tu. Mtu akileta wavu uliochanika, namwonyesha kwa vidole siku ya kuja kuuchukua, anaitikia kwa kichwa, tumemaliza. Kesho watanisikia, au wataniona nimekwama mdomo wazi wakati mwanangu anasubiri baraka.

Mambo ya safari nakuachia kwa mama yako. Yuko jikoni anakaanga samaki, migebuka ya kulisha behewa zima, na ameshakuhubiria kuhusu wezi wa stesheni, maji ya kunywa na vijana wa Dar. Sina la kuongeza, ila hiyo migebuka wagawie wenzako siku ya kwanza. Siku ya pili watahama kiti.

Sasa nikwambie la moyoni. Najivunia wewe, Evodia. Najivunia mpaka nakuwa kero. Jana nilimsimamisha muuza mkaa, mtu mwenye haraka zake na gunia kichwani, nikamweleza kazi yako mwanzo mpaka mwisho. Alishusha gunia katikati ya maelezo, maskini, akakaa juu yake.

Haikuwa hivyo mwanzoni, na wewe unajua. Ulipotuambia unakwenda kujifunza tiba ya usemi ili ufanye kazi kambini kwa wakimbizi, nilidhani umetapeliwa. Nani analipwa kwa kufundisha watu kuongea, wakati shida ya mji huu ni kuwanyamazisha? Halafu nikafikiri umeichagua kazi hiyo kwa sababu yangu, nikaona aibu. Miezi ile ya kwanza watu wakiniuliza mwanangu anafanya nini kambini, nilijibu, "Nesi." Lilikuwa neno fupi na linatoka vizuri. "Msaidizi wa mtaalamu wa tiba ya usemi" ningelianza alfajiri nikalimaliza watu wakifunga maduka.

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu ulizaliwa nao. Bibi yako alinipeleka kwa fundi mmoja wa kijijini anikate udata, ile nyama ya chini ya ulimi, maana walidhani ndiyo inayonifunga. Ulimi ukavimba, nikala uji wiki nzima, kigugumizi kikabaki palepale. Baada ya hapo familia ikapata dawa nyingine, na dawa hiyo ilikuwa Ladislaus. Yeye alizaliwa na midomo ya watu wawili. Nikiulizwa jambo, anajibu. Nikitumwa dukani, anatumwa naye. Tukakua hivyo, mimi nikiwa na mawazo na yeye akiwa na sauti, na nusu ya mawazo aliyoyasema hayakuwa yangu.

Hata kwa mama yako alinisemea yeye. Wazee wa kwao waliuliza kwa nini mposaji mwenyewe hafungui kinywa, na Ladislaus akawaambia kwamba kaka yake ni mtu wa fikra nzito, hapendi kupoteza maneno. Babu yako aliamini. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akiniletea kesi za mipaka ya mashamba, nami natikisa kichwa polepole, naye anaondoka ameridhika. Mama yako bado anacheka akikumbuka.

Tumecheka sana na hayo, lakini kuna mahali hayachekeshi. Siku ile shuleni kwenu, mwalimu mkuu alipotaka mzazi wa mwanafunzi wa kwanza asimame aseme neno, alisimama Ladislaus. Nilikuona ukigeuza shingo kunitafuta. Kwenye harusi ya kaka yako alisimama tena, akashukuru wageni vizuri mno, akasahau jina la bibi harusi. Kigugumizi nilipewa bila kuulizwa, sina kesi nacho. Kosa langu ni kwamba niliona nafuu. Kila aliponisemea nilipumua, na kwa kila pumzi nikawa nampa mtu mwingine kitu kilichokuwa changu na chenu.

Na watu wa hapa ni wema, hilo nalo lisemwe. Unazijua salamu zetu Waha: mtu anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza umeamkaje, watoto je, wa nyumbani je, mihogo je, na kila swali lina jibu lake na makofi yake. Mgeni kutoka kwingine anaweza kudhani tunafanya ibada. Kwangu mimi walizikata. Walianza kuniondolea mihogo, wakaniondolea watoto, mwisho ikabaki "Shikamoo Mzee," na wananiitikia wenyewe, "Marahaba!" huku wakipita. Hawakunidharau. Walinihurumia, nami nikaizoea huruma yao kama mtu anavyozoea kiti kibovu.

Sasa nije kambini, maana huko ndiko mwaka wako ulikofanyika.

Nilipokuja mara ya kwanza, na godoro lako na kidumu cha mawese, uliniombea kibali nikae pembeni nikuangalie ukifanya kazi. Ndipo nilipomwona Mzee Bonifasi. Ukaniambia kwamba kule kwao Burundi alikuwa mushingantahe, mtu ambaye wakazi wa mlima mzima wanamwamini aamue magomvi yao, na kwamba ukimbizi huu kwake ulikuwa wa pili maishani. Kazi yake yote ilikuwa maneno. Kiharusi kikaja kikalaza mkono wa kulia na kuyabeba maneno yote. Alikuwa amekaa wima kwenye mkeka, amevaa koti, na mkewe Mama Spesi yuko bega kwa bega naye.

Ukatoa kadi zako za picha. "Mzee, hii ni nini?"

Ilikuwa picha ya kikombe. Mzee Bonifasi aliitazama kadi, akakutazama wewe, akageukia ukuta.

Mama Spesi akarukia haraka, "Ni kikombe, mwana wanje. Arabizi! Anakijua, mzee wangu anakijua."

Ukatoa kiatu. Ukatoa kijiko. Mzee hakugeuka tena, na kila picha ikajibiwa na mkewe, kila jibu likiwa dogo kuliko lililotangulia. Ulitoka nje macho yamejaa. "Baba, hataki," ukaniambia. "Kila siku ni hivi. Labda mimi siiwezi kazi hii."

Nilifungua mdomo nikujibu, neno likakwama, na kabla halijatoka wakakuita ndani. Hukuwahi kuniuliza nilitaka kusema nini. Nilitaka kusema, "Turudi nyumbani." Nimeushukuru ulimi wangu mara moja tu maishani, na ni siku hiyo.

Kwa sababu uligundua mwenyewe. Ulipokuja likizo ulitusimulia huku ugali unapoa mkononi: "Mama, mimi nilikuwa namfanyia mtihani. Mtu mzima, mwamuzi wa watu, mtoto wa juzi anamuuliza kikombe ni nini!" Mama yako akashika mdomo. Ni kweli, kwetu na kwao hakuna anayefanya hivyo. Ulikosea kosa ambalo hata mama yako asingelikosea, na ulilikosea kwa sababu ulikuwa umefundishwa vizuri. Kadi zilikuwa sahihi, ila hazikuwa na adabu.

Kwa hiyo ulifanya nini? Kadi ukaziacha kwenye mkoba. Ukaingia, ukapiga magoti, ukapiga makofi, ukamwamkia. Salamu yote, ndefu, kama mtoto anavyomwamkia mkubwa. Halafu ukanyamaza ukasubiri. Mkubwa akiamkiwa hajaribiwi. Anadaiwa jibu, na kudaiwa jibu ni heshima.

Mgonjwa mgumu zaidi, ukasema, alikuwa Mama Spesi. Mwanamke wa kwao akiacha salamu ya mumewe ianguke chini mbele ya mgeni, amemvua nguo. Ulimwomba akae kimya, naye alikubali, na maneno yakawa yanamtoka hata hivyo. Mwisho akaamua kukalia mikono yake. Akakaa juu ya mikono yake miwili, machozi yanamshuka, na mumewe anasubiriwa. Mara nyingi hakikutoka kitu. Kisha mkono wa kushoto wa mzee ukaanza kupiga paja, pamoja na makofi yako. Halafu asubuhi moja ukauliza, "Abana baraho?" watoto wapo salama, na yeye akajibu, "Baraho."

Ulitueleza kwamba maneno ya namna hiyo hayatafutwi kama jina la kikombe. Mdomo umeyapita tangu utoto, njia yake imekanyagwa mpaka imekuwa ngumu, na mafuriko hayaifuti yote. Yule mama mtaalamu aliyekuwa akija kuwasimamia alikwambia jambo hilo linajulikana kwa wenye kazi yenu. Sawa. Lakini salamu yenyewe, na magoti, na kujua ni nani anapaswa kuanza na nani anapaswa kusubiriwa, hakukupa yeye. Hayo ulitoka nayo Rusimbi.

Toka hapo mwaka wako ukawa mwaka. Yupo yule binti Pelagia aliyezaliwa na mdomo sungura, umepasuka mpaka kaakaa, akashonwa, lakini jina lake mwenyewe likawa linamtokea puani. Sasa analitamka na P yake imekaa sawa, analipiga kelele kutwa nzima, na mama yake anakuuliza kama kuna dawa ya kupunguza. Yupo bibi aliyekuwa akipaliwa na kila tonge, ukawafundisha wanawe kumkalisha wima na kumpa uji mzito kwanza kabla ya maji, na bado yuko hai anawagombeza. Na kuna wale akina mama uliowafundisha kusubiri, ambao nao wanafundisha wenzao, na hao hata wewe huwajui wote.

Kwenye ule mkutano wenu wa mwisho wa mwaka hapa mjini nilikuja, nikakaa nyuma. Ulisimama ukaeleza habari ya salamu, na ukumbi mzima ukapiga makofi, na mmoja akatangaza kwamba umepata nafasi ya chuo huko Dar. Nikamgeukia jirani yangu nikamwambia, "Yule ni mwanangu. Ni wa tiba ya usemi." Nililisema lote. Lilichukua muda wake, na jirani alisubiri bila kuyumbisha jicho. Nadhani naye alikuwa wa kazi yenu, maana alisubiri vizuri kupita kiasi.

Kuna jambo la nyumbani nalo nilitaje, kwa sababu nilikukasirikia na sikukwambia kwa nini. Likizo ile ulianza kuniamkia mimi hivyohivyo. Kila asubuhi magoti, makofi, maswali yote mpaka ya mihogo, halafu unakaa hapohapo mlangoni. Siku ya tatu nikakuuliza kwa hasira, vipande vipande, "Umenifanya mgonjwa wako?"

"Hapana, Baba," ukasema. "Mimi nakuamkia tu."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Hakuna aliyekuwa ameniamkia kwa miaka mingi sana. Nikajibu za kulala nikaondoka. Kesho yake nikajibu za kulala na za watoto. Kigugumizi hakijapona, wala hukuniahidi kitapona. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nakwama huku nikijua kuna mtu anayesubiri upande wa pili, na ukijua hivyo kukwama hakuui.

Mwezi uliopita nilikuja kukusaidia kubeba vitu vyako, na Mzee Bonifasi akaomba kuniona. Nilipoingia alianza yeye. Mkono wa kushoto ukapiga paja, na akaniamkia kwa Kirundi chake, neno moja moja, kila moja likivutwa kwa nguvu. Nami nikamwitikia kwa Kiha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, tukaelewana bila taabu. Taabu ilikuwa midomoni tu. Yeye anatafuta neno, mimi ninalo ila halitoki. Akauliza, nikakwama. Nikauliza, akapotea. Mama Spesi amekalia mikono yake. Wewe uko mlangoni, umejiinamia. Chai ikapoa na ikatiwa nyingine nayo ikapoa. Hakuna aliyetusaidia hata neno moja.

Tulipofika kwa watoto, aliuliza, "Abana baraho?" Nikajibu, mwisho nikajibu, "Baraho." Hapo salamu ingeweza kuendelea mbele. Yeye akainua ule mkono wa kushoto, akakuonyesha wewe, akasema, "Uyu... araho." Huyu yupo salama.

Baadaye ukaniambia nje kwamba neno hilo halimo kwenye salamu, kwamba alilitafuta mwenyewe. Ulikuwa unalia na kucheka. Mimi nililia tu, na nikaona hakuna haja ya kujificha. Mwamuzi wa mlima alikuwa amenipa habari za mwanangu, na sijawahi kusikia hukumu iliyonipendeza zaidi.

Huko unakokwenda, Evodia, utakutana na wenye haraka. Watasikia lafudhi yako ya Kigoma, wataona unatafuta neno la Kiingereza, na watakumalizia sentensi kwa roho safi kabisa. Watakuwa wema. Wema huo mimi nimekaa ndani yake karibu maisha yote, kuna joto, na mtu huweza kusinzia humo mpaka uzee. Sentensi ikiwa yako, imalize wewe. Kama wanacheka, wacheke mpaka ufike nukta.

Sasa kesho. Utatoka na sanduku lako, utapiga magoti mlangoni kama kawaida, utapiga makofi, utaniamkia, na mimi nitakuwa na kazi. Nimewaza maneno machache tu ya baraka, si hotuba. Nikikwama, usinisaidie. Usiangalie chini kwa kunihurumia, nitazame. Ladislaus nimempangia kushika sanduku ili mikono yake iwe na shughuli, ingawa tatizo lake halijawahi kuwa mikono. Mama yako nimemwomba akae juu ya yake. Amesema atajaribu, hakuahidi.

Hapa chini watu huandika wasalaam, lakini nayo ni salamu, naiweka pamoja na zile nyingine. Ukiniamkia kesho, mwanangu, usiinuke mlangoni kabla sijaitikia. Nitafika mpaka kwenye mihogo.

Baba yako